Je, niweke mkeka wa mwisho ili nirudishe hela ya harusi?

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina miaka 31, nina mke na mtoto mmoja. Nilianza kubeti mwaka 2021 kwa dau la shilingi 500, kuchangamsha mechi tu. Siku hizi naweza kuweka 30,000 kwa siku moja. Tatizo ni kwamba mimi ndiye mweka hazina wa kamati ya harusi ya mwalimu mwenzetu, na michango ilikuwa inaingia kwenye simu yangu. Nimeshatumia 480,000. Harusi ni baada ya wiki tano. Nimebakiwa na 80,000 yangu mwenyewe. Nimepanga mkeka wa timu 10 za uhakika, odi 6, yaani zote 10 zikishinda nalipwa mara 6 ya dau. Ukitiki narudisha hela yote na naacha kabisa. Mke wangu hajui lolote. Matangazo yanasema "cheza kistaarabu". Nitajuaje kama bado nacheza kistaarabu au nimeshakuwa mgonjwa? Na huo mkeka wa mwisho unauonaje?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Naanzia mwisho wa barua yako, maana huko ndiko kunakowaka moto. Mkeka huo usiuweke. Hiyo 80,000 mpe mkeo, au ndugu unayemwamini, leo hii, kabla ya mechi za Jumamosi. Ukishaitoa mkononi rudi usome yaliyobaki. Nimekaa na watu wengi wa hali yako, na najua maneno ya mshauri hayana nguvu mbele ya mkeka uliokwisha kupangwa wakati hela ya kuuwekea bado iko kwenye simu.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, tufanye hesabu. Timu 10 kwa odi 6 ni kama odi 1.20 kwa kila timu. Hizo kweli ni timu kubwa zinazocheza na vibonde. Tuseme kila moja ina nafasi 80 katika 100 ya kushinda. Ukizitazama moja moja, kila moja inaonekana ya uhakika. Lakini mkeka hauzitazami moja moja, unazidisha. Chukua 0.8 kumi, uzizidishe zenyewe kwa zenyewe, utapata kama 0.107. Kwa hiyo mkeka unaouita wa uhakika unachanika karibu mara 9 katika kila mara 10.

Sasa wafikirie walimu 100 kama wewe, kila mmoja ana 80,000 yake na mkeka wake kama wako. Kampuni imepokea shilingi 8,000,000. Mikeka kama 11 inatiki, kila mmoja unalipwa 480,000, jumla 5,280,000. Zile 2,720,000 zinabaki kwa kampuni, na wala haikuhitaji kumdanganya mtu au kupanga matokeo ya mechi. Kila odi unayoiona imeshakatwa kipande kidogo kabla hujaichagua. Kwenye timu moja hukioni. Kwenye timu 10 vipande vinajikusanya mpaka vinakuwa theluthi nzima ya hela uliyoweka. Ndiyo maana kampuni nyingi hutoa bonasi kwa mikeka mirefu: mrefu ndio unaowalipa zaidi.

Kuna hesabu nyingine ndani ya huo mkeka, na hii nataka uielewe vizuri kuliko ile ya kwanza. Katika ile mikeka 100, kama 27 itachanwa na timu moja tu. Timu tisa zimeshinda, moja imetoa sare dakika ya 88. Linganisha: 11 waliotiki, 27 waliokosa kwa timu moja. Yaani kwa kila mara moja utakayoshinda, mara mbili na nusu utabaki umeshika kichwa ukisema "timu moja tu!" Wewe unaisoma hiyo kama dalili kwamba umeshakaribia, kwamba unajua mpira, kwamba wiki ijayo ni zamu yako. Kumbe ndivyo mkeka mrefu unavyofanya kazi kwa kila mtu, awe mjuzi wa mpira au asiyejua hata kuotea ni nini.

Na mwili nao unadanganyika. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti waliochunguza ubongo wa watu wakati wanacheza mfano wa mashine ya kamari, hizi ambazo mtaani tunaziita dubwi. Mtu alipokosa kidogo, picha ya pili imepita hatua moja tu isilingane na ya kwanza, sehemu za ubongo zinazoitikia ushindi ziliamka, ingawa hakupata hata senti. Wachezaji wenyewe walisema kukosa kidogo kunauma kuliko kukosa kabisa. Lakini hamu ya kuendelea kucheza iliongezeka. Nafikiri hapo unajitambua. Usiku ambao Arsenal au Simba imekuchania mkeka wa timu tisa, ndio usiku ambao unapanga mwingine kabla hujalala.

Wapo pia wanaosema, "Nimeliwa sana mwezi huu, sasa lazima itiki." Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira wa gurudumu la ruleti ulitua kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walirundika hela kwenye nyekundu kila raundi, wakiamini nyeusi imeshachoka, na walipoteza hela nyingi palepale. Gurudumu halikumbuki lilikotua. Timu nayo haijui kwamba wewe umeliwa wiki tatu.

Hukuniambia kama unacheza kindege, yaani Aviator, ule mchezo wa kamari wa haraka kwenye simu. Kama unacheza, jua kwamba waliokitengeneza wenyewe hutangaza kuwa kinarudisha wastani wa asilimia 97 ya hela inayochezwa. Inasikika vizuri mpaka uzidishe. Ukizungusha hela ileile, baada ya raundi kama 23 kwa wastani imebaki nusu, na raundi 23 zinaisha kabla chai haijapoa. Mkeka wa mpira angalau unakulazimisha kusubiri dakika 90. Wateja wangu wengi wa miaka hii hawakuangushwa na mpira. Waliingia kwa mpira, wakaangushwa na vitu vya haraka vilivyo kwenye programu hiyohiyo, saa nane za usiku, mechi zimeshaisha na usingizi hauji.

Na yale makundi ya Telegram yanayouza "mechi zilizopangwa", toka leo. Mwenye siri ya kweli ya matokeo haiuzi kwa 10,000. Anachofanya ni kuwatumia watu mia tano kwamba timu ya nyumbani itashinda, na wengine mia tano kwamba ya ugenini itashinda, kisha anaendelea na wale aliowapatia.

Sasa swali lako kubwa. Nitajuaje kama ni mgonjwa?

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walipendekeza maswali mawili tu ya kupimia haraka. La kwanza: umewahi kujisikia unahitaji kuweka hela nyingi zaidi na zaidi? La pili: umewahi kuwadanganya watu muhimu kwako kuhusu kiasi unachocheza? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, unatakiwa kuchunguzwa zaidi. Wewe umetoka 500 ukafika 30,000, na mkeo hajui lolote. Umeyajibu yote mawili kabla sijakuuliza.

Kipimo kirefu zaidi ni kile cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, ambao mwaka 2013 waliuweka ugonjwa wa kamari kwenye kundi moja na ulevi wa pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka kwenye kundi la uraibu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Kile kipimo cha 2013 kina dalili tisa, na mtu akiwa na nne au zaidi ndani ya miezi 12 anahesabiwa kuwa na ugonjwa. Nimeisoma barua yako nikiwa na kalamu. Dau limepanda ili upate msisimko uleule: moja. Unarudi kufukuzia hela iliyokwisha kuliwa: mbili. Unaficha: tatu. Umeiweka rehani kazi yako, jina lako na ndoa yako: nne. Hizo ni zile tu ulizoziandika mwenyewe katika aya moja.

Zilizobaki ni za kujiuliza usiku wa leo. Je, umewahi kuapa kuacha, ukaacha siku nne, ukarudi? Ukikaa bila kubeti unakuwa mkali, mtoto akilia unafoka? Unafundisha huku akili iko kwenye mechi ya jioni? Ukiwa na huzuni au wasiwasi, mkono unaenda kwenye simu? Umewahi kumwomba mtu hela akuokoe kwa shimo lililochimbwa na kamari? Siwezi kukupima kwa barua; hiyo ni kazi ya mtu atakayekaa na wewe uso kwa uso. Lakini ukiniuliza ninavyoona, naona umeshavuka mstari, na sitaki kukuambia vinginevyo kwa sababu ya upole.

Angalia kwamba katika dalili zote tisa hakuna inayotaja kiasi cha shilingi. Watu hudhani mraibu ni yule aliyeuza nyumba. Nimekuwa na kijana wa bodaboda aliyekuwa anapoteza 4,000 kwa siku, na hiyo 4,000 ilikuwa ni hesabu ya bosi. Nimekuwa pia na mfanyabiashara aliyekuwa anaweka laki kila mwisho wa wiki, mkewe akijua, duka likiwa salama, na akikosa anazima televisheni na kwenda kulala. Mgonjwa kati ya hao wawili alikuwa yule wa 4,000.

Hapo ndipo lile neno "kistaarabu" linapopata maana. Mtu anayecheza kistaarabu ametenga hela ya starehe, ileile ambayo angenunulia soda na nyama choma, na ameihesabu kuwa imeshaondoka kabla mechi haijaanza. Akishinda ni ziada, akikosa hana deni. Hachezi kwa hela ya mkopo wala ya ada, wala ya mtu mwingine. Hachezi akiwa amelewa, amegombana au ana msiba. Hachezi kukomboa kilichopotea. Mwenzi wake akichukua simu na kufungua miamala, hashtuki. Anaweza kupitisha mwezi mzima bila kubeti na asijue kama mwezi umepita. Watu wa namna hiyo wapo, sisemi hawapo. Lakini ninakereka kuona maneno "cheza kistaarabu" yakiandikwa kwa herufi ndogo chini ya bango kubwa lenye gari jipya, mzigo wote amebebeshwa mchezaji, wakati ujumbe wa bonasi unamfuata kwenye simu yake mpaka kitandani. Na kwa mtu aliyefika ulipofika wewe, kupunguza hakufai tena. Wateja wangu wanaojaribu "kubeti kidogo kwa adabu" baada ya kufika hapo, nimewaona wakirudi palepale, wengi ndani ya mwezi mmoja. Kwako ni kuacha kabisa. Mkeka wa mwisho haupo, kwa sababu ule uliopita nao ulikuwa wa mwisho.

Tena fikiria ingekuwaje kama huo mkeka ungetiki. Ungerudisha hela, mkeo asingejua, kamati isingejua, na kichwani mwako lingebaki somo moja: nikikwama, mkeka unaniokoa. Mteja wangu mmoja alitiki hivyo mara moja, 1,200,000, akalipa madeni yote kwa siku moja. Alipokuja kwangu miaka miwili baadaye alikuwa bado anaisimulia ile siku kwa macho yanayong'aa. Nilimwomba aende kwenye ofisi ya mtandao wake wa simu akachukue taarifa ya miamala. Tulikaa mezani na rula, tukapiga mstari kwenye kila hela iliyokwenda kwenye kubeti na kila iliyorudi. Ilipofika saa sita alikuwa ameacha kuongea. Alichopeleka ndani ya miaka miwili kilikuwa zaidi ya mara tano ya hiyo 1,200,000. Alikuwa hajui. Akili yake ilitunza ushindi mmoja na ikatupa mamia ya vipande vya 2,000 na 5,000. Fanya hivyo na wewe wiki hii. Chukua taarifa ya miezi sita, piga jumla, andika tarakimu kubwa juu ya karatasi. Hiyo karatasi tutaihitaji.

Sasa deni. Najua unachokiwaza usiku: kukopa. Kabla ya wiki tano kwisha utashawishika kuchukua Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, kisha mkopo wa programu ya simu, kisha kausha damu ya wiki mbili yenye dhamana ya kadi yako ya benki. Usifanye hivyo. Mkopo utafuta aibu kwa siku chache tu, na kwa mtu anayefukuzia hela, fedha ya mkopo ikiingia kwenye simu inaanza kuitwa "mtaji". Deni la 480,000 ulilonalo leo linalipika kwa mshahara wa mwalimu. La kausha damu linaweza kukuchukua mwaka.

Lililobaki ni gumu kuliko kukopa. Mwambie mkeo kwanza. Kaa naye mtoto akiwa amelala, simu yako mezani ikiwa wazi, na ile karatasi. Usianze na "nina tatizo dogo", maana akigundua kubwa baadaye ataona umemdanganya mara mbili. Sema kiasi chote, pamoja na madeni mengine ambayo labda hukuyataja kwangu. Atakasirika, na ana haki. Usimwombe akusamehe usiku huohuo. Mwombe kitu kimoja tu: kwa miezi sita ijayo mshahara ukiingia, yeye ndiye aushike.

Halafu nenda kwa mwenyekiti wa kamati, wiki hii, siyo wiki ya harusi. Ukienda leo wewe ni mweka hazina aliyekosea na ana wiki tano za kurekebisha. Ukingoja siku mpishi anadai hela yake ya mwisho, wewe ni mwizi. Nenda na shemeji au kaka yako mwenye busara kama unaogopa kwenda peke yako. Sema umetumia 480,000, taja utakacholipa kwenye mshahara wa mwezi huu na wa mwezi ujao, na kabidhi daftari la michango pamoja na namba inayopokelea kwa mtu mwingine palepale. Huenda mwenyekiti akakutolea maneno makali. Huenda wakakutoa kwenye kamati, na nafikiri watakuwa wamefanya vizuri, maana hupaswi kushika hela za watu kwa sasa. Na kama ndugu wataamua kukusaidia, hela iende moja kwa moja kwa kamati, isipite mkononi mwako. Usione ni dharau. Ndivyo tunavyofanya kwa kila mtu mwenye ugonjwa huu.

Nina sababu yangu ya kusisitiza hili la kusema. Mjomba wangu alikuwa mkulima wa korosho huko Newala. Msimu mmoja alimaliza malipo yake ya korosho kwenye karata tatu, na hakumwambia mtu. Akakopa kufunika, akacheza kukomboa, akakopa tena. Alipoona watu wanaanza kuuliza, aliondoka usiku kwenda mjini na hakurudi mpaka nimemaliza shule ya msingi. Tulipokuja kujua kiasi, baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema ndugu wangelilipa lile deni kwa msimu mmoja tu kama angefungua mdomo.

Upande wa simu na benki, ziba njia kabla hamu haijaja, kwa sababu ikija hutaziba. Waandikie huduma kwa wateja wa kila kampuni uliyojisajili na udai akaunti ifungwe kabisa kwa sababu ya uraibu, utunze na majibu yao. Futa programu zote. Zuia namba zinazokutumia ujumbe wa bonasi. Nenda benki ukaombe kuondoa huduma ya kuhamisha hela kutoka akaunti kwenda kwenye simu, ukitaka hela upange foleni. Kila hatua ya usumbufu unayoweka kati yako na dau inakupa dakika chache, na dakika chache ndizo unazozihitaji. Hamu ya kubeti inakuja kama wimbi: inapanda, inafika juu, inavunjika. Mara nyingi ndani ya nusu saa imeshashuka kama hukuilisha. Katika hiyo nusu saa usikae peke yako na simu. Toka nje, chota maji, sahihisha madaftari barazani, mpigie ndugu. Siku ya mshahara na Jumamosi alasiri ndiyo saa zako za hatari, kwa hiyo zipangie kitu mapema. Na kile kijiwe mnachokaa mkilinganisha mikeka, kipumzishe kwa miezi kadhaa. Mpira wenyewe unaweza kurudi kuutazama baadaye. Wengi huniambia ilibidi wajifunze upya kufurahia goli ambalo halina hela ndani yake.

Matibabu yapo, na sehemu kubwa ni ya mazungumzo. Mtaalamu anakusaidia kuzitambua fikra zile za "nimekaribia" na "narudisha tu", na kujifunza la kufanya zinapokuja. Kwako Morogoro anzia kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili. Kwa wengine wanaosoma: Muhimbili kwa walio Dar es Salaam, Mirembe kwa walio Dodoma, Mathari kwa walio Nairobi. Walio Kenya wanaweza pia kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, inayosaidia watu wenye uraibu. Usione haya kusema "ni kamari" kwa daktari. Na mwambie dawa zote unazotumia: kuna dawa za ugonjwa wa Parkinson, kama pramipexole, ambazo zinaweza kumtia mtu hamu ya kamari ambayo hakuwahi kuwa nayo. Wewe ni kijana na sidhani kama inakuhusu, ila kama mzee nyumbani ameanza ghafla kununua tiketi za bahati nasibu kila siku, kaangalieni dawa zake.

Viongozi wa dini nao wanaweza kukushika mkono, kama una imamu au paroko unayemwamini. Mwislamu anajua Kurani imeitaja kamari pamoja na pombe katika sura ya Al-Maida, aya ya 90. Ila nimeona waumini waliotubu kwa machozi wakarudi kubeti wiki ya pili, halafu wakaona aibu kurudi msikitini au kanisani. Toba na kliniki vinaweza kwenda pamoja.

Jambo moja nalisema wazi. Watu wenye madeni ya kamari hufika mahali wakaona kufa ni rahisi kuliko kusema. Kama wazo hilo limekupitia, au likikupitia kabla hujaongea na mkeo, usikae nalo peke yako hata usiku mmoja. Mwambie mtu aliye karibu maneno yenyewe, "nafikiria kujiua", na mwende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Harusi hiyo itafanyika hata ikipungukiwa 480,000. Watapunguza kreti za soda.

Na mkeo akikubali kuisoma barua hii, nina neno naye. Mama mtoto, kosa hili si lako, na hukupaswa kulijua kwa kuota. Shika mshahara, lakini usiwe polisi wa kumpekua mfukoni kila jioni. Kubalianeni siku moja kwa wiki ya kufungua miamala pamoja, mmalize, mwende mkale. Usimlipie deni kwa siri, wala usiwadanganye wazazi wake kwa niaba yake. Akiteleza, na huenda akateleza, muulize ameteleza saa ngapi na akiwa wapi. Hilo jibu litawasaidia kuliko kumkumbusha harusi. Na wewe mwenyewe pata mtu wa kuongea naye. Hata kliniki inakupokea.

Mwanangu, kliniki nyingi hufungua asubuhi. Mwombe mkuu wa shule ruhusa ya Jumatatu, nenda na ile karatasi yenye jumla ya miezi sita, na mkeo akitaka kuja aje. Ukishaonana na mwenyekiti wa kamati, niandikie ameitikiaje.